Chenji Sahihi, Daftari Limekosea

Mtoto wa darasa la tatu anatumwa dukani kwa Mangi na noti ya 5,000. Sukari nusu kilo 1,500, mafuta ya kupima 1,000, fungu la nyanya 500, chumvi na kiberiti 700. Anarudi na 1,300 mkononi, tena anasimulia kwamba Mangi alitaka kumrudishia 1,200 akamwambia, "Bado mia." Saa mbili usiku mtoto huyo huyo amekaa na daftari lake. Swali la tano: 5000 − 3700. Anaandika 2700, anapiga mstari kwa rula, anafunga daftari.

Wengi wetu tukiliona daftari hilo husema mtoto hajui kutoa. Wengine husema ana haraka, akili yake iko kwenye katuni. Ile 1,300 aliyorudi nayo inakataa maelezo yote mawili. Jioni ametoa vizuri tu, amesimama kwenye foleni bila kalamu, akamsahihisha na mtu mzima. Kilichomshinda usiku ni kitu kingine, na mzazi akikijua kitu hicho, kazi za kila siku za nyumbani zinaanza kumsaidia mtoto kwa namna ambayo tuisheni ya jioni mara nyingi haiwezi.

Haitoki, basi igeuze

Tuanze na ile 2700. Darasani mtoto amefundishwa kupanga namba kwa safu na kuanzia kulia. Sifuri toa sifuri, sifuri. Sifuri toa sifuri, sifuri. Akafika kwenye mamia: sifuri toa saba. Haitoki. Alipaswa kukopa kwenye maelfu, lakini huko kukopa ndiko kusikomwingia, basi akageuza: saba toa sifuri, saba. Tano toa tatu, mbili. Hakubahatisha hata hatua moja. Ni kosa lenye kanuni yake, na mwalimu yeyote wa darasa la tatu amekutana nalo mara nyingi kiasi kwamba anaweza kulitabiri kabla hajafungua daftari.

Dukani hakupanga safu. Alianzia kwenye 3,700 akapanda: mia tatu, imekuwa elfu nne, elfu moja, imekuwa elfu tano. Mangi naye hufanya hivyo hivyo anapokuwekea chenji kiganjani: "Elfu tatu mia nane, mia tisa, elfu nne," sarafu moja moja, kisha anashusha noti, "elfu tano." Hakuna aliyekopa popote. Kutoa kumefanywa kwa kujumlisha, na kila namba imebaki na uzito wake: elfu ni elfu, unaishika. Kwenye safu, ile 5 ya elfu tano huitwa "tano" tu, na 7 ya mia saba huitwa "saba" tu. Namba zimevuliwa thamani zao, ndiyo maana jibu la 2700 halikumshtua mtoto. Hakuona pesa pale, aliona tarakimu.

Hili halijaanza kwetu. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wachuuzi wa mji wa Recife, Brazili. Waliwaendea watoto kwenye biashara zao, wakaulizia bei kama wateja, kisha baadaye wakawapa hesabu zile zile kwa karatasi na kalamu. Kwenye biashara watoto walipata asilimia 98. Hesabu zilipowekwa ndani ya maelezo ya hadithi, walipata asilimia 74. Zilipobaki tarakimu tupu, wakaanguka hadi asilimia 37. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliyekuwa akiuza nazi aliulizwa nazi nne ni kiasi gani, na moja ilikuwa 35. Alisema tatu ni 105, ukiongeza 30 ni 135, akamalizia na tano iliyobaki: 140. Alipopewa karatasi yenye 35 × 4 akasema nne mara tano ishirini, akabeba mbili, mbili na tatu tano, tano mara nne ishirini. Akaandika 200.

Watoto wale walikuwa watano tu, wachache mno kutolea hukumu ya dunia nzima. Lakini yeyote aliyewahi kumtazama kijana wa madafu akipiga hesabu kichwani huku panga likiwa mkononi anajua kwamba walichokiona Recife kipo Kariakoo, Kongowea na Darajani.

Umejuaje?

Kwa hiyo nyumbani tunalo somo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha mtoto kwamba swali la Mangi na swali la mwalimu ni swali moja lililovaa nguo mbili. Kifaa cha kazi hiyo ni neno moja: "Umejuaje?"

Mtoto akirudi na chenji sahihi, usiishie kwenye "asante, weka hapo."

"Umejuaje kwamba ni elfu moja mia tatu?"

"Si nimehesabu, mama."

"Umeanzia wapi?"

"Kwenye elfu tatu mia saba. Nikaongeza mia tatu ikawa elfu nne, halafu buku moja."

"Hebu nichoree hapa."

Kuchora ndiko kunakojenga daraja. Mstari mmoja kwenye karatasi, 3700 upande wa kushoto, 5000 upande wa kulia, katikati 4000. Kiduara cha kuruka cha kwanza kiandikwe 300, cha pili 1000. Dakika mbili zimetosha. Usiku akikutana na 5000 − 3700 na akaandika 2700, usimwambie amekosa. Mwambie amrudishie Mangi: 2,700 ulizobaki nazo ukichanganya na 3,700 ulizotumia, zinarudi elfu tano? Akijumlisha atapata 6,400, na hapo ataona mwenyewe kabla hujasema neno. Sasa ana sababu ya kutaka kujua kukopa ni nini, na ukimweleza kwamba kukopa ni kuvunja noti ya elfu moja ili upate mia kumi, hilo amelifanya mara nyingi dukani.

Kuna masharti mawili ya swali hili, na yote mawili ni magumu kwetu watu wazima. La kwanza, liulizwe hata jibu likiwa sahihi. Mtoto akiulizwa "umejuaje" pale tu alipokosea, baada ya siku tatu atakuwa ameshajua kwamba swali hilo maana yake ni "umekosea", na atabadilisha jibu kabla hajafikiri. La pili, ukishauliza nyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima madarasa katika miaka ya 1970 akakuta mwalimu akiuliza swali husubiri kwa wastani wa sekunde moja tu kabla hajaingilia. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na hata wale wakimya wakaanza kusema. Sekunde tatu ni ndogo ukizisoma hapa. Zijaribu ukiwa jikoni na mboga inaungua, uone zilivyo ndefu.

Lugha inayojihesabu

Watoto wanaohesabu kwa Kiswahili wamepewa zawadi ambayo hatuitumii. Sikiliza: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Jina lenyewe linasema kuna kumi na kuna moja. Mtoto wa Kiingereza anapoambiwa "eleven" hasikii kumi wala moja, lazima akariri. Wa kwetu makumi na mamoja yamo mdomoni mwake kabla hajaona jedwali la mwalimu. Hesabu naye mayai, vifungo au vitumbua, lakini ukifika kumi funga fungu, kisha endelea: "Kumi na moja: fungu moja, na moja."

Tabu inaanzia kwenye ishirini. Ishirini, thelathini, arobaini na hamsini ni maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu, na humo mbili, tatu, nne na tano hazisikiki. Baadaye mambo yananyooka tena: sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini, kwa sababu sita, saba na tisa zenyewe zimetoka huko huko. Basi mtoto akikwama kwenye arobaini si mzito wa akili. Mpe jina la pili la mchezo: "makumi manne". Makumi manne na saba ni ngapi? Arobaini na saba. Baada ya wiki moja majina yamekaa.

Siku za wiki nazo ni hesabu, ingawa wengi tumezeeka bila kuliona hilo. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni ya pili, mpaka Jumatano ya tano, kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Wiki yetu ina tano mbili. Mwambie mtoto atafute mwenyewe, atafurahi kuliko ukimpa peremende.

Halafu kuna saa. Saa ya ukutani inaonyesha 7, sisi tunasema saa moja, na simu imeandika 07:00. Watoto wengi huambiwa tu wazoee. Siri yake ni nyepesi: tunahesabu kuanzia macheo na machweo, kwa hiyo tofauti ni sita, na sita kwenye uso wa saa ni upande wa pili kabisa. Mshale mfupi ukielekea 7, tazama namba inayotazamana nayo: 1. Ukielekea 10, inayotazamana nayo ni 4, saa nne. Simu inayosema 19:00 inataka utoe 12 kwanza, ubaki na 7, kisha utoe 6. Mtoto wa darasa la nne anayeulizwa kila jioni, "Taarifa ya habari ni 20:00, hiyo ni saa ngapi yetu?" anafanya mazoezi ya kutoa bila kujua kwamba ni mazoezi. Na tunaposema "saa tatu kasorobo" tayari tumempa kutoa na sehemu kwa pumzi moja.

Sehemu ndizo huwalemaza wengi baadaye, nami nadhani ni kwa sababu huletwa zikiwa zimeandikwa. Mtoto anaona 1/8 na 1/4, anajua nane ni kubwa kuliko nne, anachagua 1/8. Kata chapati mbele yake vipande vinne, nyingine inayolingana nayo vipande vinane, umwambie achague kimoja. Hakuna mtoto mwenye njaa anayekosea hapo. Kisha mpe maneno ambayo huyasikia sokoni kila siku: robo, nusu, robo tatu, na kama yuko bibi nyumbani, muulize kuhusu kibaba na pishi. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Hapo umemfundisha kuwa kibaba ni robo ya pishi, na kile kibaba cha methali ya haba na haba kimepata ujazo.

Kuzidisha kumo kwenye trei la mayai: safu tano za sita, au safu sita za tano, mayai ni 30 vilevile. Likibaki nusu, muulize yametoka mangapi bila kuyagusa. Na mwenye pakiti ya karata ana shule nzima. Katika mchezo wa wahedi wa sitini, ree ni pointi 11, saba ni 10, mzungu wa nne ni 4, wa tatu ni 3, wa pili ni 2; pakiti nzima ina 120, na anayefika 61 ameshinda. Najua kuna nyumba ambazo karata hazikanyagi kizingitini. Basi chimbeni mashimo ya bao mchangani.

Anasoma kama maji, haelewi kitu

Kusoma kuna fumbo lake, na ni kinyume cha lile la hesabu. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Irabu ni tano, na karibu kila silabi huishia kwa irabu, hivyo mtoto akishazimudu ba be bi bo bu na ndugu zake, anaweza kutamka karibu neno lolote atakaloliona. Tanzania ilipoanza mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliokita kwenye KKK mwaka 2015, lengo lilikuwa hilo: kusoma, kuandika na kuhesabu kwanza, mengine baadaye. Ni sawa. Ila wepesi huu una mtego. Mtoto anaweza kukusomea ukurasa mzima kwa sauti nzuri, wewe ukatabasamu, kumbe hajaelewa sentensi hata moja.

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa hesabu fupi: kusoma ni kutambua maandishi mara kuelewa lugha. Walisema mara, hawakusema kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Shule inahangaika na kile cha kwanza. Cha pili kwa sehemu kubwa hujengwa nyumbani, kwa mdomo, miaka mingi kabla ya mtihani wa ufahamu.

Jaribu sentensi hii: "Juma alipofika kisimani alikuta kamba imekatika, akarudi na ndoo tupu." Muulize mtoto kwa nini ndoo ilikuwa tupu. Aliyewahi kuteka maji atakujibu papo hapo. Aliyekulia kwenye bomba, aliyezoea kufungulia koki, anaweza kusoma kila neno bila kosa na asijue kamba ina kazi gani kwenye habari hiyo. Hana tatizo la kusoma huyo. Hajawahi kuona kisima cha kuteka kwa kamba.

Ndiyo maana jikoni ni darasa la msamiati, endapo tutakubali kutaja vitu kwa majina. "Niletee hicho hapo" haimfundishi mtoto kitu. "Niletee kifumbu" inamfundisha, kisha upawa, kawa, ungo, mchi, mbuzi ya nazi. Na mbuzi yenyewe inafungua mazungumzo ya kwa nini chombo kikapewa jina la mnyama. Vitenzi ndivyo vitamu zaidi. Mchele huchaguliwa na hupepetwa, unga huchekechwa, nazi hukunwa, tui huchujwa, mboga huungwa. Nyumba ambayo vyote hivyo huitwa "kutengeneza" imemnyima mtoto maneno sita kabla ya chakula cha mchana.

Kiswahili kina mchezo mwingine wa bure: kunyumbua. Mpe mtoto neno pika, umwambie alirefushe. Pikia, pikiwa, pikisha, pikiana. Kisha geuza: "hawakunipikia". Ni kina nani? Lini? Ni kweli walipika au hawakupika? Kwa ajili ya nani? Neno moja limebeba habari nzima, na mtoto anayeweza kulipasua kwa mdomo hatalikimbia akilikuta kwenye kitabu.

Vitabu vya hadithi vikipatikana, vizuri. Visipopatikana, nyumba ina maandishi kuliko tunavyodhani. Leso au khanga iliyoanikwa uani ina jina lake: "Japo sipati tamaa sikati." Muulize mtoto: nani anasema? Anamwambia nani? Anataka nini? Swali hilo la maana iliyofichwa ndilo huwaangusha watoto kwenye ufahamu, na hapa limeanikwa kwenye kamba. Kuna pakiti ya unga yenye tarehe ya mwisho wa matumizi. Kuna ubavu wa daladala. Kuna ujumbe wa pesa za simu: ulizotumiwa ngapi, makato ngapi, salio ngapi, na je, hesabu yao inakubali? Namba ya siri baki nayo mwenyewe, hilo si somo.

Mzazi asiyejua kusoma, au bibi aliyeachiwa wajukuu, huambiwa bila kusemwa kwamba haya hayamhusu. Si kweli. "Nisomee, mjukuu wangu, macho yangu hayaoni vizuri" ni ombi ambalo mtoto hulitii kwa fahari, na msikilizaji asiyejua herufi anaweza kuuliza maswali makali kuliko mwalimu: Kwa nini alifanya hivyo? Wewe ungefanyaje? Halafu zamu inageuka. "Paukwa!" "Pakawa!" Au "Kitendawili!" "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Mtoto anayetafuta yai ndani ya sentensi hiyo anajifunza kushika maelezo yasiyotaja jina la kitu, ajaribu jibu, aliache, ajaribu jingine. Asiyejua jibu hutoa mji, na hakuna anayechapwa.

Kwa lugha gani?

Hapa nitasema wazi, najua wengine hawatapenda. Mzazi aliyempeleka mtoto shule ya Kiingereza, kisha akaamua nyumbani pasemwe Kiingereza tu wakati yeye mwenyewe ana maneno mia mbili ya lugha hiyo, anamnunulia mtoto lugha nyembamba kwa bei ya lugha nene. Kwa nini, kwa sababu gani, ingekuwaje kama: haya yanahitaji mzungumzaji asiyetafuta neno. Mweleze kwa lugha unayoota nayo, iwe Kiswahili, Kisukuma, Kigiriama au Kihaya. Akishaelewa kwa nini maji ya mtungi ni ya baridi kuliko ya ndoo ya plastiki iliyo pembeni yake, kwamba maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, yakakauka kwa nje na kuondoka na joto, neno la Kiingereza la kukauka huko atalipata shuleni kwa siku moja. Asipoelewa, atakariri neno bila mtungi. Mwambie alowanishe mkono na kuupuliza, atauhisi ubaridi huo mwenyewe.

Nyumba isigeuzwe shule

Baada ya kusoma haya, kuna mzazi atakayenunua ubao na kuutundika sebuleni. Asubiri kidogo. Harris Cooper na wenzake walipokusanya tafiti za kazi za nyumbani mwaka 2006, walikuta uhusiano kati ya kazi hizo na ufaulu ulikuwa dhaifu zaidi kwa watoto wa madarasa ya chini kuliko kwa wa sekondari. Kurundika kurasa za ziada kwa mtoto wa miaka minane hakuna faida kubwa, na usingizi unaoliwa hapo una hasara. Wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walipendekeza saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule alipaswa kuwa amelala saa mbili usiku. Hesabu hiyo nayo ifanye mbele yake.

Wakenya wamelionja hili kwa namna yao. Mtaala wa umilisi ulipoingia madarasa ya chini nchi nzima mwaka 2019, ulimtaka mzazi ashiriki, na wazo lilikuwa jema. Lakini malalamiko hayakukawia: wazazi wakikimbilia saiba kuchapisha picha, wakikesha kutengeneza sanamu za kufukuzia ndege ili mtoto asiende mikono mitupu. Sanamu iliyotengenezwa na baba humfundisha baba. Ingekuwa na miguu mibovu na kichwa cha upande, lakini imetoka mikononi mwa mtoto, somo lingekuwepo.

Na kazi za nyumbani zenyewe zina mpaka. Msichana anayeteka maji, kuosha vyombo, kubeba mdogo wake na kusonga ugali mpaka saa nne usiku, huku kaka yake akitazama mpira, hafundishwi na kazi, anachoshwa nazo. Chakula kimoja cha kupika pamoja, safari moja ya sokoni, vyombo vya kuosha kwa zamu pamoja na kaka yake, vinatosha kuleta maswali ya wiki nzima. Hata dakika kumi kwenye kituo cha daladala zinatosha: ipi inakwenda wapi, nauli yetu watatu ni ngapi, wewe ni nusu au nzima?

Kituoni hapo pana jambo jingine la kufanya ambalo darasa lenye watoto wengi huweza kulikosa. Mwambie mtoto asome jina la njia kwenye daladala inayokuja, ikiwa bado mbali kiasi ambacho wewe unalisoma bila shida. Akikunja macho, akasubiri ikaribie, au akikisia kwa rangi ya mstari wa gari, usikimbilie kumtafutia mwalimu wa tuisheni. Muombe mwalimu wake amkalishe mbele kuanzia kesho, kisha umpeleke akapimwe macho.